Ngozi ya Ramlo na Samli ya Adeer Gabow

S.L.P. 318,
Garissa.
24 Februari 2025.

Mpendwa ndugu na wifi yangu Hani,

Kwa majonzi makubwa, na kwa kuridhika na kudra ya Mola, nakutangazia kifo cha thamosi ya mama yenu, Hooyo Sirad, ile nyekundu yenye maua, iliyoletwa kutoka Mandera kabla dada yako Ramlo hajaolewa. Ilifariki ghafla sebuleni, mbele ya wageni, bila kuugua. Imeacha vikombe kumi na viwili na kifuniko kimoja. Ilizikwa jalalani baada ya Alasiri, na hapakuwa na hitima.

Baada ya tanzia hiyo, assalamu alaykum. U hali gani huko kwenye theluji? Watoto je, bado wanakataa kuvaa soksi? Mumeo namsalimu sana, na nasikia sasa anakula samaki asiyepikwa. Mungu amponye. Sisi huku tu wazima, alhamdulillahi. Joto ni lile lile, vumbi limepanda bei, na mto umeshuka mpaka mbuzi wanauvuka wakiwa wanazungumza.

Naandika kwa mkono, na kwa Kiswahili kama tulivyoandikiana tangu shuleni, kwa sababu mama yenu anasoma Kisomali lakini hiki hakisomi. Simu siiamini. Simu ya nyumba hii huwekwa sauti ya juu katikati ya mkeka, na ujumbe wa sauti ukiingia hapa Bulla Iftin asubuhi, adhuhuri uko Mandera ukiwa umetiwa chumvi na pilipili. Barua hii anakuletea Zakariye wa jirani, anayekuja huko kusoma. Nimeifunga kwa gundi, na juu ya gundi nimebandika plasta ya kidonda.

Uliambiwa Ramlo alikwenda Nairobi kutibiwa macho. Macho ya Ramlo ni mazima kuliko yangu na yako. Alikwenda kukatwa ngozi.

Keti kwanza, kisha endelea kusoma.

Unamkumbuka Ramlo wa siku ya harusi yako, alivyoingia mlangoni kwa awamu mbili na wanawake wakampigia vigelegele. Huku kwetu mwanamke mnene ni cheti cha mumewe. Basi sukari ikampanda, na daktari akamwambia kama hatapungua atapoteza mguu. Ramlo hakubishana. Kila alfajiri alitembea hadi daraja la Tana na kurudi. Chai ya sukari aliacha, pasta aliacha, wali akautazama tu kama mtu anavyomtazama shemeji. Mwaka wa pili nusu yake ilikuwa imekwenda zake.

Ngozi haikwenda. Ngozi ilibaki pale pale ikimngoja mwenyewe arudi.

Mimi nauza vitambaa sokoni Suuq Mugdi, kwa hiyo nitakueleza kwa lugha ya kazi yangu: chukua pazia lililoshonwa kwa dirisha kubwa, kisha ulitundike kwenye dirisha dogo. Tumbo lilimlalia mapajani. Mikono ilikuwa na mabawa. Akikaa, alikuwa anajikusanya kwanza kwa mikono miwili, anajiweka pembeni, ndipo anakaa.

Na chini ya mikunjo, Hani, kwa joto hili la Garissa, jasho halina pa kwenda. Ngozi ikalowana, ikachubuka, ikawa vidonda, vidonda vikaota ukungu. Keynan mumewe muda mwingi yuko Dadaab na lori lake la maji, basi mimi ndiye niliyekuwa namsaidia kuosha. Nimechuna mbuzi, nimezalisha watu, nimeosha maiti. Ile harufu ilinishinda. Nilipumua kwa mdomo na kumsimulia umbea wa soko bila kunyamaza, ili asijue. Alijua. Alikuwa anatazama ukuta.

Daktari wa upasuaji tulimpata Nairobi. Chumba chake cha kungojea kina picha ukutani, matumbo ya wanawake kabla na baada, yote bila vichwa, yamepangwa kama kwenye bucha. Nilitaka kutoka. Lakini mwenyewe alikuwa mtu wa adabu. Alituambia ile ngozi haitarudi yenyewe hata Ramlo atembee mpaka Mandera, na kwamba atamkata. Alitoa sharti moja tu: uzito usimame pale ulipo hadi mwisho wa Januari. Ukipanda hatamgusa, kwa sababu tumbo litajaa upya na mshono utafumuka.

Sheikh naye tulimwuliza kama si kubadilisha umbile la Mungu. Aliuliza kama kuna madhara. Nikamweleza habari za vidonda mpaka akainua mkono nisiendelee. Akasema hiyo ni tiba, siyo mapambo. Kwa dini na kwa daktari, basi, tulikuwa tumemaliza. Tulikuwa hatujafika kwa ukoo.

Adeer Gabow, ami yenu, alishuka kutoka Griftu na ngamia wa kuuza, akafikia kwetu kama kawaida yake. Hooyo, kwa unyoofu wa moyo wake, akamweleza. Unamjua Adeer Gabow: miaka yote ni dalali wa ngamia, na mtu akishakuwa dalali wa ngamia kila kiumbe kina bei. Ramlo alipita na sinia, amejifunika jilbabu yake. Mzee akamtazama kwa jicho lile la mnadani, kuanzia kwato kwenda juu.

"Huyu ametoka kwenye kiangazi," akasema. "Ngozi haikatwi. Ngozi hujazwa. Ni nani kati yenu amewahi kuona ngamia akikatwa ngozi kwa sababu amekonda?"

Hakuna aliyewahi kuona. Ndipo balaa lilipoanza, maana kwa watu wetu hoja ya ngamia haina rufaa.

Wiki ile ile ikaja samli ya Griftu, madebe. Ikaja nyirinyiri, nyama kavu iliyozama kwenye mafuta. Yakaja maziwa ya ngamia kila asubuhi kwa mkono wa mtu aliyeagizwa asiondoke mpaka aone kibuyu kiko kitupu. Nawe unajua, mchumba unaweza kumkataa, hata tiba unaweza kuikataa, lakini maziwa ya ngamia wa ami yako huyakatai. Ramlo alikuwa anakunywa na kushukuru, kisha anaingia chumbani kupanda mizani.

Na wageni wakafuata. Hiki ndicho kilichonitia kinyaa kuliko vidonda. Wanawake wazima, wenye tasbihi mikononi, walikuja kumfinya. Wanavuta ngozi ya mkono, wanaiachia, wanaitazama ikirudi polepole. Mmoja alimfinya huku vidole vyake bado vina mafuta ya sambusa. Hata vitambaa vyangu havishikwi hivyo na mteja asiyenunua. Midomo inang'aa samli, chai inafyonzwa kwa kelele, na katikati yao mtoto wa watu amekaa anavutwavutwa kama mkate wa anjero.

Kaltun wa nyumba ya pili alikuwa ndiye kinara wao. Siku moja aliinua mkono wa Ramlo mbele ya wote, akautikisa.

"Abaayo, dada yangu, mbona umekuwa kama foronya iliyotolewa mto?"

Walicheka mpaka wakashikana. Ramlo akamjibu taratibu, huku akiushusha mkono wa dera:

"Na wewe, abaayo, mto wako upo mzima. Tatizo ni kwamba hakuna anayeulalia."

Kaltun ameachwa tangu mwaka juzi. Aliinuka kwa hasira, jilbabu yake ikazoa kila kilichokuwa karibu, na hapo ndipo marehemu thamosi alipokutana na sakafu. Inna lillahi.

Mimi, kwa kujiona mjanja, nikatafuta dawa. Nilimwambia Ramlo, una siku za Ramadhani ulizokula ukiwa na mimba na ukinyonyesha. Zilipe sasa. Hakuna mzee wala dalali anayeweza kumlisha mtu aliyefunga. Tulimpigia daktari, akakubali, maana sukari ilikuwa imeshatulia. Siku ya kwanza Ramlo aliamka amefunga, na nyumba ikanyamaza. Yule mtu wa maziwa alisimama na kibuyu chake mlangoni hana la kufanya. Nilijipongeza. Nilikwenda dukani naimba.

Nilisahau kitu ambacho hata mtoto wa chuo cha Kurani anakijua: anayemfuturisha aliyefunga hupata thawabu kama zake. Habari ilienea kwamba Ramlo amefunga na atafunga kesho tena. Mji mzima ukaona mlango wa pepo umefunguliwa Bulla Iftin, nyumba yenye geti la buluu. Ilipofika Magharibi mkeka haukuonekana. Sambusa, kaimati, halwa, mbavu za mbuzi, pasta yenye ndizi, uji wa mtama wenye samli imeelea juu kama mafuta ya gari kwenye dimbwi. Kila mwanamke alikaa mbele ya sinia lake na kulinda thawabu zake.

"Onja cha kwangu, Ramlo. Tonge moja tu. Utaninyima fungu langu?"

Tonge moja kutoka kila sinia, Hani, ni ng'ombe. Huko ndiko ujanja wangu ulikotufikisha. Mizani ikaanza kusogea. Siku ya tatu nilimkuta Ramlo ameifunika kwa taulo, kama mtu anavyofunika maiti uso.

"Yurub," akaniambia, "hawataacha mpaka nirudi nilikotoka. Na hii ngozi itanifia hapa hapa mwilini."

Januari ilikuwa imeingia.

Ijumaa moja baada ya Magharibi, Adeer Gabow alikuwa amerudi tena kutoka Griftu. Wanaume walikuwa upande wao wa pazia, sisi upande wetu. Hooyo ameshika bakuli la nyirinyiri, anamsogezea Ramlo mdomoni kwa mkono wake mwenyewe, kwa mapenzi, mafuta yakimchuruzika hadi kwenye kiwiko. Usimlaumu. Yule ni mama, alikuwa anamwona mwanawe amenyauka.

"Hooyo, nimeshiba."

"Anasema nini?" Adeer Gabow akauliza kutoka ng'ambo ya pazia.

"Anasema ameshiba."

"Ngamia hasemi ameshiba. Mpe."

Wanawake wakacheka, Kaltun kuwashinda wote. Ramlo akachukua bakuli mkononi mwa mama yenu, akaliweka chini. Akainuka, kwa ile namna yake ya kujikusanya. Akalifunga pazia mpaka mwisho, akabana ukingo wake kwa kiti. Kisha akashika pindo la dera, akalipandisha hadi kifuani, akaibeba ile ngozi ya tumbo kwa mikono miwili na kuiinua.

Harufu ndiyo iliyosema. Taa ilikuwa juu yake. Kila mtu aliona ule wekundu, nyama mbichi inayotoka usaha kutoka nyonga hadi nyonga. Kaltun alijiziba pua kwa shela. Yule wa vidole vya sambusa alikimbilia uani, na tukamsikia akitoa futari yote, yake na ya wenzake.

Hooyo alisogea karibu. Unajua amekulia malishoni, hajui kusoma chati ya hospitali lakini vidonda anavijua. Akapiga magoti, akatazama kushoto, akatazama kulia.

"Tangu lini?"

"Tangu mwaka jana, Hooyo."

"Na mimi nakutia samli."

Upande wa pili Adeer Gabow akakohoa. "Kuna nini huko? Mbona kimya?"

Hooyo hakugeuka. "Gabow! Ngamia mwenye kidonda mgongoni unamfanyaje?"

"Simpakii mzigo mpaka apone. Swali gani hilo?"

"Basi nyamaza. Mzigo ni wewe na samli yako."

Wallahi, Hani, nimeishi na mama yenu miaka yote hii na sikujua ana sauti ile. Wanaume waliondoka mmoja mmoja kwenda Isha, ingawa Isha ilikuwa bado.

Tangu kesho yake Hooyo alihamishia kiti chake cha plastiki getini. Sinia likija, analipokea, anamwombea mleta, na kulipeleka kwa watoto wa chuo mtaa wa nyuma. Watoto wale wamenenepa mpaka mwalimu wao analalamika. Wageni wakiuliza Ramlo ana nini, Hooyo akasema ni macho. Aliona ni afadhali Mandera nzima izungumzie macho ya mwanawe kuliko tumbo lake. Ndiyo maana na wewe uliambiwa macho. Uongo wake ulikuwa wa usawa, hakubagua.

Tukaenda Nairobi, mimi, Ramlo na Keynan. Daktari akampandisha kwenye mizani, na uzito ulikuwa umezidi kidogo. Alitazama, akaguna, akaandika. Ramlo alikuwa ameshika mkono wangu, kucha zake zimeniingia. Keynan alitazama dari. Daktari akauliza ni nini kilitokea Desemba.

"Thawabu," nikamwambia.

Hakuelewa, lakini alikagua vidonda, akasema hawezi kuvirudisha Garissa vilivyo. Kesho yake akaja na kalamu nene ya wino, akamchora Ramlo mistari huku na huku, kama fundi anavyochora kwa chaki kabla ya kukata kitambaa. Jicho langu la kazi liliona kuwa mstari umenyooka, nikatulia kidogo.

Operesheni ilikula asubuhi yote. Alitoka na mirija miwili tumboni, inadondosha maji kwenye vichupa, maji ya rangi ya chai ya maziwa iliyotiwa damu. Kazi yangu ilikuwa kuvimwaga. Siku zile chai sikunywa, na mpaka leo nikiiona kikombeni naigeuzia uso. Mshono unamzunguka kutoka nyonga hii hadi ile. Amefungwa mkanda wa kubana, anatembea ameinama kama anatafuta sarafu. Mikono daktari ataifanya baadaye, akishapona tumbo.

Keynan, ambaye unajua hutoa maneno kama yanatozwa ushuru, aliuliza swali moja tu hospitalini: ile ngozi iko wapi. Wakamwambia wao huichoma. Akasema hapana, hiyo ni ya mke wangu, itazikwa. Walizunguka na yeye kutoka ofisi hii hadi ile, hakupandisha sauti, hakuondoka. Mwishowe wakampa, imefungwa ndani ya mfuko juu ya mfuko. Alikwenda nayo makaburini na rafiki yake mmoja wa malori. Mimi sikuitazama, na sikutaka. Alirudi na udongo viatuni, akakaa kando ya kitanda, akala mkate mkavu, akamwuliza Ramlo kama anataka maji.

Tumerudi Garissa juma lililopita. Vidonda vya zamani vimekauka. Ramlo anasali kwenye kiti, kuinama bado amekatazwa. Watu wamekuja kutazama, na walichotazama ni jilbabu. Kaltun alizunguka upande huu na upande ule, akasema, "Mbona yuko vile vile?" Hakuna aliyemfinya, maana Hooyo alikaa katikati akiwa na bakora. Adeer Gabow, nasikia, anawaambia watu mnadani Griftu kwamba samli yake ndiyo iliyompa mgonjwa nguvu ya kuhimili kisu. Nimechoka kuchukia, ndugu yangu, lakini huyu ananirudishia hamu.

Basi ukipiga simu, uliza macho. Tutakujibu kwa sauti ya juu kwamba macho yanaendelea vizuri.

Hooyo Sirad anakusalimu na kukuombea usiku na mchana. Keynan anakusalimu, alitikisa kichwa nilipomwambia nakuandikia. Watoto wa Ramlo, Filsan na Mowlid, wanauliza kama theluji inaliwa. Nisalimie wanao mmoja mmoja kwa jina, na mumeo mpe pole ya samaki.

Mungu akufunike kwa sitara yake, akuepushe na maradhi na wanaokuja kuyatazama. Ramadhani inatukaribia, atufikishe tukiwa na afya na matumbo yenye haya.

Ni mimi nikupendaye bila kupungua wala kuongezeka,
Yurub.

N.B. Jana tulipobaki wawili nilimwuliza Ramlo, baada ya yote haya, anajisikiaje. Amesema panawasha.